Jamani, herufi za Kigiriki si Frimasoni

Kila Septemba, vyuo vya Marekani vikishafunguliwa, simu zinaanza. Mzazi wa Dallas, mzazi wa Minneapolis, na mwingine yuko Arusha ambako ni usiku wa manane. Swali ni lile lile: "Dada, mwanangu kaposti picha kavaa fulana ya herufi za ajabu ajabu. Ndiyo kaingia Frimasoni?" Safari hii naandika, ili atakayefuata nimtumie kiungo nirudi kwenye shughuli zangu.

Hajaingia Frimasoni. Kazi yangu ni kusimamia fraterniti na sororiti, yaani vyama vya wanafunzi wa kiume na vya wanafunzi wa kike, katika chuo kimoja hapa Marekani, na herufi zile ni jina tu la chama. Desturi hiyo ni ya tangu 1776, wanafunzi wa chuo cha William & Mary kule Virginia walipounda Phi Beta Kappa. Leo Phi Beta Kappa haina nyumba wala pipa la bia. Ni heshima wanayopewa waliofaulu sana. Na bado yuko baba mmoja, mzee wa kanisa, aliyemkataza binti yake kuipokea barua yao kwa sababu ya herufi hizo tatu. Binti kakesha maktaba miaka kadhaa kwa ajili ya barua ile! Nilipomweleza, akanijibu kwa upole kabisa: "Ndivyo wanavyoanza." Nikaishiwa maneno.

Ya kweli nayo niyaseme, maana nisipoyasema mtayasikia YouTube yakiwa yametiwa chumvi. Siri katika vyama hivi zipo. Kuna namna yao ya kupeana mikono, maneno yao, na kiapo ambacho hata mimi msimamizi sikishuhudii. Baadhi ya waanzilishi walikuwa Frimasoni kweli: fraterniti ya Acacia ilianzishwa chuo cha Michigan mwaka 1904 na wanafunzi Frimasoni. Kama dini yako hairuhusu kiapo cha siri, hiyo ni hoja ya haki, kaa na mwanao mzungumze. Lakini mwanafunzi aliyeuawa na kiapo mimi sijamsikia. Wanaokufa wanakufa kwa pombe, kwa kuanguka ngazi, na kwa wenzao kusema "mwacheni alale, itamtoka."

Watoto wetu wengi wanavutwa na Divine Nine, yale mashirika tisa ya Wamarekani Weusi. Alpha Phi Alpha ilizaliwa chuo cha Cornell 1906, Alpha Kappa Alpha (AKA) ikazaliwa chuo cha Howard 1908. Martin Luther King alikuwa Alpha, Kamala Harris ni AKA. Huo ni uanachama wa maisha. Usithubutu kumwambia mama wa miaka sabini aliyejipamba waridi na kijani kwamba hicho ni kiklabu cha shule. Kujiunga kwao hakupitii rashi, ule msimu wa vyama kusaka wanachama wapya, kama kwa Wazungu, kuna utaratibu wake, na upleji, kile kipindi cha majaribio kabla ya kuapishwa, ulifutwa rasmi mwaka 1990. Rasmi, nasema. Vibao na usumbufu mwingine vilihamia kwenye nyumba za kupanga, mbali na macho yetu.

Hapo ndipo penye heizingi, yaani kumtesa na kumdhalilisha mgeni ndiyo akubaliwe, na hapo ndipo ningependa mzipeleke zile nguvu zote mnazomalizia kwenye Frimasoni. Mliosoma bweni mnaijua hata kama jina ni geni. Kenya mlikuwa mamono, Tanzania manjuka: kufua soksi za wakubwa, kuimba juu ya kitanda, kunyang'anywa Blue Band. Tofauti ni kwamba mono hakuomba. Huyu wako kaomba, na anautaka uanachama kwa moyo wote. Katika zile wiki baina ya kupewa mwaliko na kuapishwa, hakuna atakayemshika kwa nguvu. Kaka yake mkubwa wa humo atamkabidhi chupa nzima, amwambie ni mila, kila mtu amepitia. Ndivyo alivyokufa mwanafunzi wa Bowling Green, Ohio, Machi 2021. Na ukimuuliza mwanao, atakuficha kwa sababu ameshawapenda.

Mnaambiwa mchague tawi, yaani kundi la chama katika chuo husika, lenye sifa nzuri. Sawa. Februari 2017, chuo cha Penn State, kijana wa miaka 19 alinyweshwa pombe usiku wa kupokelewa katika nyumba ya Beta Theta Pi, akaanguka ngazi za kwenda chini. Wenzake wakamlaza kwenye kochi, wakamvika begi la mgongoni lililojaa vitabu ili asigeuke chali akapaliwa na matapishi. Simu ya ambulensi ilipigwa asubuhi, karibu saa 12 baadaye. Hilo begi siwezi kulisahau: humvishi mwenzio begi la vitabu kama hujui kwamba anaweza kufa. Sheria ya Pennsylvania ya 2018 dhidi ya heizingi ina jina la kijana huyo. Na nyumba ile, kwa kanuni zake, haikuruhusu pombe, ilikuwa na kamera, na mtu mzima alikuwa akiishi humo.

Kwa hiyo mkiniuliza tawi lipi ni salama, jibu ambalo halimo kwenye vipeperushi vya ofisi yangu ni kwamba sina kipimo cha uhakika. Wastani mzuri wa alama, vikombe vya kujitolea, vyote nimeviona kwa matawi yaliyokuja kufungwa. Kufunga nako sijui kama kunatibu. Wakati mwingine vijana wale wale wanapanga nyumba mtaa wa pili na hakuna tena wa kuwauliza.

Sheria ya shirikisho aliyoisaini Biden Desemba 2024 inavitaka vyuo vichapishe kwenye tovuti majina ya vikundi vilivyopatikana na hatia ya heizingi. Isomeni, ila msishangilie ukurasa mtupu. Chuo kikubwa kisicho na kesi hata moja, mimi nakishuku kuliko chenye kesi kadhaa, maana huenda hakichunguzi.

Wazazi wa mabinti: sororiti nyingi haziruhusu pombe ndani ya nyumba zao. Mnafurahi, naelewa. Maana yake lakini ni kwamba sherehe ziko kwa wavulana, na mlango, vinywaji na vyumba vya juu viko mikononi mwa wavulana.

Mwambie mwanao jambo moja kabla ya rashi: mtu akizimika kwa pombe, piga 911, namba ya dharura. Majimbo mengi yana sheria inayomlinda anayeita msaada asishtakiwe kwa kunywa kabla ya miaka 21. Wengi hawapigi kwa kuogopa hilo tu. Mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, aongezewe na hili: kukamatwa akiendesha gari amelewa, hata kabla ya hukumu, kunaweza kumfutia viza.

Msitegemee chuo kiwapigie. Kisheria, tangu 1974 rekodi za mwanafunzi wa chuo ni zake mwenyewe, hata kama ada ni ya shamba lako la kahawa. Kwa kosa la pombe chini ya miaka 21 tunaruhusiwa kumwarifu mzazi. Kuruhusiwa si kulazimishwa.

Pesa, haraka haraka: kuna ada ya kuapishwa, michango ya kila muhula, faini za kutohudhuria vikao, na mara nyingi mkataba wa kuishi kwenye nyumba yao mwaka mzima wa masomo. Soma mkataba huo kabla ya kuweka sahihi ya mdhamini. Kijana akijitoa Oktoba, wewe huenda ukaendelea kulipa mpaka Mei.