Akiba haiozi? Dhana potofu kuhusu kupunguza vitu nyumbani

Mwaka jana nilitoa kabatini viatu vyeusi nilivyokuwa nikivitunza kwa ajili ya shughuli kubwa. Nilikuwa nimevivaa mara mbili tu, vikarudi kwenye boksi lake na karatasi zake. Siku hiyo, kabla hata sijakaa ukumbini, nikaona vipande vyeusi sakafuni, kama makaa yaliyopondwa, vimenifuata tangu mlangoni. Soli zilikuwa zinamomonyoka miguuni mwangu.

Nikadhani niliuziwa feki. Kumbe soli nyingi nyepesi hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki, na unyevu wa hewani huila polepole hata kama kiatu hakikanyagi chini. Ndani ya boksi nilikuwa natunza kitu kinachokufa.

"Akiba haiozi, ipo siku kitahitajika"

Walioitunga methali hii hawakuwa na droo ya chaja. Vikorokoro vya nyumba ya leo vinaoza, ila haviozi kwa harufu, ndiyo maana hatushtuki. Lastiki ya nguo hulegea bila kuvaliwa. Gundi hukaukia kwenye tyubu. Betri za rimoti huvuja na kuacha unga mweupe unaokula vyuma vya ndani, hivyo kifaa ulichokiweka kizima unakikuta kimekufa. Risiti nazo nyingi huchapwa kwa joto, bila wino, kwenye karatasi maalumu. Zikikaa kwenye joto au mwanga maandishi hufifia, na siku unapotaka kudai garantii unashika karatasi tupu. Zipige picha siku ileile.

Simu kuukuu zinahitaji tahadhari zaidi. Betri ya lithiamu ikizeeka inaweza kuvimba, na ikitobolewa au kubanwa inaweza kushika moto. Kwa hiyo usiitupe na taka za kawaida, ipeleke wanakopokea taka za elektroniki. Iliyokwisha kuvimba usiichaji tena.

Halafu kuna swali ambalo wenye kusema "ipo siku" hawajiulizi: siku hiyo ikifika, utakiona? Mimi nilinunua futi ya kupimia mara tatu. Zote tatu zilikuwa humohumo ndani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii inahusu hata bisibisi.

"Anza kwa kununua makasha"

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kasha halipunguzi kitu, linakificha kwa utaratibu. Punguza kwanza, pima nafasi iliyobaki, ndipo ununue, na mara nyingi utakuta huhitaji.

Makasha ya plastiki yanayofungwa kabisa yana kasoro nyingine: nguo ikiingia na unyevu kidogo tu, unyevu haupati pa kutokea, na baada ya miezi unakuta madoa ya ukungu. Watu hukimbilia vidonge vyeupe vya nafthalini, vya kufukuza nondo, wakidhani harufu kali ni dalili ya usafi. Harufu ile ni sumu inayogeuka kuwa hewa, na ndiyo unayoivuta chumbani. Kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, inaweza kuzivunjavunja chembe hizo. Viwavi wa nondo wanaokula sufu hupenda zaidi nguo yenye jasho na uchafu, kwa hiyo ioshe, ikauke kabisa, ndipo uikunje.

"Siwezi kukitoa, nimekitolea pesa nyingi"

Pesa ilitoka siku ya kununua. Kukiacha kitu kabatini hakuirudishi, ila kunakufanya uendelee kukilipia kwa nafasi.

Tena bei iliyo kichwani mwetu si ya kuaminika. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio waliyofanya kwa vikombe vya kawaida. Baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe, wengine hawakupewa. Waliopewa walitaka takriban mara mbili ya bei ambayo wasiopewa walikuwa tayari kutoa. Kikombe ni kilekile, na wenye navyo walikuwa wamekaa navyo dakika chache tu! Sasa piga hesabu ya koti lililokaa nawe miaka tisa. Dawa yangu ni kujiuliza: kama nisingekuwa nacho, leo ningekinunua kwa bei gani? Jibu likiwa "hata bure sitaki", maneno yameisha.

"Wikendi moja, na maisha yanaanza upya"

Ukimwaga kabati zima kitandani asubuhi, saa nne usiku utakuwa unazirudisha nguo zilezile, safari hii bila kuzikunja, maana unataka kulala. Anza na droo moja unayoweza kuimaliza.

Wengine wanaamini siku 21 zinatosha kujenga tabia ya kuweka kitu mahali pake. Namba hiyo ilienezwa na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa huchukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Hakuwa akizungumzia kabati. Watafiti wa University College London walipowafuatilia watu 96, wastani ulikuwa siku 66, na makadirio yalianzia 18 hadi 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukirusha funguo kochini leo, kesho zirudishe kwenye msumari wake.

"Nyumba iliyojaa vitu ni ya mvivu"

Hii inaniudhi kuliko zote. Msiba, mtoto mchanga, kuhama, ugonjwa: yoyote kati ya haya huijaza nyumba ya mtu mchapakazi kabisa. Na wapo ambao kuachana na kitu, hata gazeti la zamani, kunawatia dhiki kubwa. Tangu 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa DSM-5 unautambua urundikaji huu kuwa ugonjwa unaojitegemea. Ndugu wakivamia na kutupa vitu mwenyewe hayupo, wanampora imani, na chumba hujaa tena. Anahitaji mtaalamu, na vitu vitoke kwa mkono wake.

"Nikigawa, nimesaidia"

Kama ni kizima na kuna anayekitaka. Shati lisilo na kola na sufuria iliyotoboka ni takataka uliyomhamishia mwenzio. Na mfuko wa kugawa ukikaa mlangoni wiki tatu, umeshakuwa sehemu ya fanicha.

Boksi la viatu vile nimelibakiza. Ndimo zinamokaa chaja, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la kifaa chake. Moja haina jina bado. Nimeipa mpaka Jumapili.