Santuri za kantri: kutoka kelele za baa hadi sebuleni

Nikiletewa kasha la santuri za zilipendwa nizihamishe kwenye kompyuta, ni nadra kumkosa mwimbaji Jim Reeves humo. Kwa Wakenya wengi yeye ndiye kantri yenyewe, ule muziki wa Marekani: sauti nzito, ya upole, inayokusogelea sikioni bila haraka. Wengi huamini muziki huu ulizaliwa ukiwa laini hivyo. Sivyo kabisa. Miaka michache tu kabla yake, santuri za kantri zilikuwa kali na nyembamba, zimenolewa kama kisu. Sababu yake kila fundi wa sauti anaielewa: santuri hutengenezwa kwa kufikiria mahali itakapochezwa.

Mahali penyewe palikuwa baa. Marekani iliporuhusu tena pombe mwaka 1933, baa za wafanyakazi, hasa huko Texas kwenye visima vya mafuta, ziliota kila kona, zikaitwa honky-tonk. Nyingi hazikuwa na uwezo wa kulipa bendi kila usiku. Zilikuwa na jukiboksi, lile kabati la santuri linalomeza sarafu, ukabonyeza kitufe na wimbo ukaanza. Wenye mashine hizo walinunua santuri nyingi mno, na neno lao lilisikika hadi studio.

Aliyelisikia mapema ni mwimbaji Ernest Tubb. Alikuwa akiimba na gitaa la kawaida, akaambiwa na mwenye jukiboksi kwamba santuri zake zinapendwa mchana, lakini jioni baa ikijaa hakuna anayezisikia. Aprili 1941 akaingia studio na mpigaji wa gitaa la umeme, akarekodi “Walking the Floor Over You”. Sikiliza lile gitaa: noti moja moja, hazina mapambo, kila moja imesimama peke yake. Halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Liliwekwa lipenye katikati ya vicheko na milio ya chupa. Wimbo ukatamba, na baada ya hapo wanamuziki wa honky-tonk wakafuata mkondo huo.

Kwa masikio yangu, kilele cha ufundi huu ni Hank Williams. Chukua “Your Cheatin' Heart”, aliyoirekodi Nashville, jiji la muziki wa kantri, tarehe 23 Septemba 1952, katika kikao chake cha mwisho. Alifariki siku ya kwanza ya mwaka 1953 akiwa na miaka 29, na santuri ikatoka mwezi huohuo. Kinachokupokea mwanzoni ni stili gitaa la Don Helms, lile gitaa la kulazwa ambalo mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Helms hakai chini. Yuko juu, karibu na kilio. Fred Rose, aliyesimamia rekodi za Hank, alimsisitizia abaki kwenye noti za juu, na mimi namwelewa. Spika za wakati ule hazikuwa na besi ya maana, na besi kidogo iliyokuwepo ilizama kwenye makelele ya watu. Noti ya juu hupita. Sauti ya Hank nayo ni ya puani, inapasuka kidogo anapopanda, na ilipita vilevile. Watu wanaoiita mbaya wameisikiliza mahali pasipo pake.

Mwaka huohuo wa 1952 Kitty Wells alimjibu Hank Thompson, aliyekuwa ameimba akimlaumu mwanamke wa baa. Jibu lake, kwamba wanaume nao wana lawama, lilimfanya kuwa mwanamke wa kwanza kushika namba moja peke yake kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard. Nyimbo hizo mbili zinatumia melodia ileile, kwa hiyo mtu aliweza kuzipanga zifuatane kwenye jukiboksi, shtaka kisha utetezi. Ningependa kuandika makala nzima juu ya santuri hiyo.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1956 Elvis Presley aliwabeba vijana, na sarafu zao zikaenda naye. Vituo vya redio vilivyopiga kantri viliwageukia wasanii wapya. Maprodyuza wawili wa Nashville, Chet Atkins wa kampuni ya santuri ya RCA Victor na Owen Bradley wa kampuni ya Decca, wakaamua kumtafuta msikilizaji mwingine: mtu mzima aliye nyumbani, redio iko rafuni, na hakuna kelele za kushindana nazo. Fidla ikaondolewa, stili gitaa likapunguzwa au likaachwa kabisa, wakaingia waitikiaji wa sauti laini, piano, na baadaye vinanda vya nyuzi. Lawama zilikuwa nyingi, na bado zipo, kwamba waliuza roho ya muziki. Mimi sikubaliani. Walikuwa wakifanya kazi ileile aliyoifanya Tubb, ila chumba cha msikilizaji kilikuwa kimebadilika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni “He'll Have to Go”, aliyoirekodi Jim Reeves Oktoba 1959 katika studio ya RCA iliyojulikana baadaye kama Studio B. Hadithi yake ni ya mwanamume anayempigia simu mpenzi wake kutoka baa. Anamwomba asogeze midomo karibu na simu, naye atamwambia mwenye baa apunguze sauti ya jukiboksi. Ndani ya wimbo wenyewe, mashine iliyoutawala muziki huu kwa miaka ishirini inaambiwa inyamaze!

Na jinsi ilivyorekodiwa inalingana na maneno hayo. Mwanzoni Reeves aliimba kwa sauti ya juu, kwa nguvu, kama wenzake. Kufikia “Four Walls” ya mwaka 1957 alikuwa ameshuka chini na kusogea karibu kabisa na maikrofoni. Ukisogea hivyo, maikrofoni za aina nyingi huongeza uzito wa noti za chini zenyewe, na pumzi husikika. Lakini pia kila kosa la chumba husikika. Fundi Bill Porter, aliyefika studio hiyo mwaka 1959, alikata paneli za fibaglasi za kufyonza mwangwi, akazitundika darini zikiwa na umbo la piramidi kwa urefu tofauti, kisha akaweka alama za X sakafuni mahali ambapo sauti haikuvuma ovyo. Kwenye alama hizo ndipo maikrofoni zilipokaa. Wimbo ulikaa namba moja ya kantri wiki 14 na kufika namba mbili kwenye chati ya pop, ingawa ulikuwa umetolewa kama upande wa pili wa santuri.

Kwa Bradley kulikuwa na mbinu nyingine ninayoistahi sana. Bob Moore alipiga besi kubwa ya kusimama, huku Harold Bradley, ndugu wa Owen, akiigiza noti zilezile kwenye gitaa la besi la nyuzi sita, amezibana kwa kiganja zitoe mlio mfupi, tik, tik. Redio ndogo haikuweza kutoa ule mvumo wa besi kubwa, lakini ilitoa ule mlio mfupi, na sikio likajaza lililobaki. Utausikia kwenye santuri za mwimbaji Patsy Cline za 1961.

Naamini hii ndiyo sababu mojawapo ya Jim Reeves kuota mizizi kwetu. Transista ya betri yenye spika ya kiganja, masafa ya kati, mawimbi yanakuja na kuondoka: sauti iliyowekwa mbele ya kila kitu hustahimili hali hiyo. Hata baada ya kufariki kwenye ajali ya ndege Julai 1964 aliendelea kutoa vibao. “Distant Drums”, iliyoshika namba moja Uingereza mwaka 1966, ilitokana na rekodi ya majaribio aliyomfanyia mtunzi wake, Cindy Walker. RCA waliipandishia okestra juu yake, na sauti yake ikaubeba mzigo wote.

Ukitaka kusikia tofauti ninayoizungumzia, weka vipokea sauti pembeni. Cheza “Your Cheatin' Heart” kwa spika ndogo ya simu chumba kikiwa na watu wanaozungumza, kisha “He'll Have to Go” wakiwa wameondoka. Halafu badilisha: Reeves kwenye kelele, Hank kwenye utulivu.