Mfumo wa kufuatilia matukio ya usalama kazini ni nini?

Kwenye saiti nyingi za ujenzi kuna daftari gumu lililoandikwa "Ajali" juu ya jalada, na hukaa kwenye meza ya mtu wa sefti, yaani msimamizi wa usalama. Mtu akiumia huandikwa humo: jina, tarehe, kilichotokea, alikopelekwa. Daftari likishafungwa, habari imekwisha. Mfumo wa kufuatilia matukio ya usalama ni programu ya simu au kompyuta inayofanya kazi hiyo hiyo ya kuandika, kisha inaongeza jambo ambalo daftari haliwezi: inadai majibu. Siku ya Ijumaa inamwuliza foromani, kwa jina lake, kama ile ngazi aliyoahidi kuifunga Jumatano ameshaifunga. Asipojibu, inamwuliza tena Jumamosi, na safari hii bosi wake anaona.

Neno "tukio" hapa ni pana kuliko ajali. Kiwango cha kimataifa cha ISO 45001, kilichotolewa mwaka 2018, kinalitumia kwa jambo lolote linalotokana na kazi ambalo limeleta, au lingeweza kuleta, majeraha au maradhi. Kwa hiyo kipande cha nondo kilichoanguka kutoka ghorofa ya tatu kikatua hatua mbili mbele ya saidia fundi ni tukio, hata kama hakuna aliyechubuka. Kwetu mtu husema "Mungu mkubwa", anaokota nondo, kazi inaendelea. Mimi huyaita matukio ya almanusura, na ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote. Mmarekani Herbert William Heinrich, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya bima, aliandika mwaka 1931 kwamba kwa kila ajali moja kubwa kuna 29 zenye majeraha madogo na 300 zisizojeruhi mtu. Hesabu zake zimepingwa sana tangu hapo, nami nisingezitundika ukutani. Lakini aliyekaa saiti anajua kwamba nondo ile ingeweza kumpata mtu kichwani, na kwamba tofauti ilikuwa hatua mbili tu.

Namna unavyofanya kazi si ngumu. Aliyeona jambo anafungua simu, anachagua aina ya tukio na mahali, anapiga picha, anatuma. Tukio linapata namba. Mtu wa sefti analipima uzito, anatafuta chanzo, anaandika hatua za kuchukua, na kila hatua inapewa mwenyewe na tarehe. Tukio linabaki wazi mpaka hatua zifanyike na mtu mwingine aende kuhakiki kwa macho.

Hapo kwenye chanzo ndipo penye kazi yenyewe. Kwenye jengo moja la ghorofa nililosimamia usalama hapa Dodoma, saidia fundi alikanyaga msumari uliosimama kwenye ubao uliobanduliwa kwenye zege. Ulipenya kandambili yake ukaingia unyayoni. Niliandika daftarini: "Amekanyaga msumari. Amechomwa sindano ya pepopunda. Ameshauriwa kuwa makini." Wiki tatu baadaye mtu mwingine akakanyaga msumari, ghorofa ile ile. Nikarudisha kurasa nyuma nikamkuta wa tatu, aliyeandikwa na mwenzangu aliyenitangulia, kwa maneno karibu yale yale. Watu watatu tulikuwa tumewashauri kuwa makini, na misumari iko pale pale.

Tulipohamia kwenye programu, fomu haikukubali tukio lifungwe bila kujaza sehemu ya chanzo, na "uzembe wa mfanyakazi" haikuwa miongoni mwa majibu ya kuchagua. Ilibidi niulize. Kwa nini ubao una misumari? Kwa sababu waliobandua mbao hawakuing'oa. Kwa nini? Kwa sababu wanalipwa kwa kubandua tu, kung'oa misumari si kazi ya mtu. Jibu likaonekana lenyewe: kung'oa misumari kuingizwe kwenye malipo ya kubandua, ubao wenye msumari usishuke ghorofani, na hakuna kuingia saiti na kandambili. Hatua tatu, watu watatu, tarehe tatu.

Mfumo wa ndani haumwondolei mwajiri wajibu wa kisheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, iko pale pale, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, nao una muda wake wa kupokea taarifa za ajali. Programu nzuri inahesabu siku hizo na kukukumbusha kabla hazijaisha.

Nimeona mifumo ya gharama ikilala kwa sababu hakuna anayeripoti. Kibarua wa siku anajua kwamba akisema jukwaa la mirunda linacheza, kesho getini huenda asichaguliwe. Ukimtaka jina kwanza, habari huipati. Kwa hiyo mfumo uruhusu kuripoti bila jina, uandikwe Kiswahili, na uweze kuhifadhi taarifa kwenye simu mpaka mtandao urudi. Bando pia asinunue yeye. Na taarifa za hospitali za aliyeumia zisionwe na kila mwenye neno la siri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu na hilo.

Ujenzi ni mfano tu. Fikiria kiwanda cha mvinyo hapa kwetu kwenye zabibu. Maji ya zabibu yakichachuka hutoa kaboni dayoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayotuama chini ya tangi. Mtu anayeingia kusafisha anaweza kuanguka kabla hajaita, na anayemfuata kumwokoa naye akaanguka. Ujumbe mfupi wa "nimepata kizunguzungu nilipoinama kwenye tangi" ungetosha kusimamisha kazi na kuleta feni na kipimo cha hewa. Kwenye daftari la ajali ujumbe huo hauna ukurasa, maana hakuna aliyeumia.

Mwenye mashine ya kukamua alizeti na wafanyakazi wanane hahitaji kununua chochote. Jedwali la kompyuta lenye safu sita linamtosha: kilichotokea, chanzo, hatua, nani, lini, na nani amehakiki. Aweke kengele kwenye simu kwa kila tarehe.

Ile safu ya sita isiachwe wazi, wala isijazwe na aliyepewa kazi. Siku ya tatu baada ya tukio la misumari kuingizwa kwenye programu, foromani alituma picha ya rundo la mbao safi na kuandika "imekamilika". Nilipanda ghorofa ya pili kuangalia. Nyuma ya rundo, upande ambao kamera haikufika, kulikuwa na ubao mmoja wenye misumari miwili imesimama. Nikaupiga picha, nikalirudisha tukio kuwa wazi, na foromani akapata ujumbe kabla sijafika chini.