Nyumba ya Dodoma hupikwa kutokea juu

Ramani nyingi zinazojengwa Nkuhungu, Ilazo na Iyumbu, maeneo ya Dodoma, tangu serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016 zilifikiriwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Kule joto halipungui sana usiku, hivyo dawa ni kuacha madirisha wazi upepo upite. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Oktoba na Novemba mchana hufika nyuzi 31 hivi, usiku zikashuka hadi 18 au 19. Ubaridi huo wa usiku ni wa bure. Kazi ya nyumba ni kuukusanya, kisha kuufungia ndani mchana kutwa.

Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo wa hapa, lilifanya hivyo hivyo: kuta nene za udongo, matundu madogo, na paa la udongo uliotandazwa juu ya miti. Lilikuwa na kasoro zake. Lilivuja, mchwa waliikula miti, na udongo ule mzito juu ya vichwa vya watu ni hatari katika ukanda huu wa Bonde la Ufa unaotikisika mara kwa mara. Ila paa lake halikuwapika waliolala chini yake. Bati tupu linawapika.

Jua linapita utosini Dodoma mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba. Hiyo ya Oktoba ndiyo yenye kutesa, maana inaangukia msimu wa joto kali. Saa saba mchana kuta hazipati jua la maana. Paa linalipata lote. Bati la rangi ya maruni au kijivu cha mkaa huweza kupita nyuzi 60, na joto lake hushuka darini zaidi kwa mnururisho, kama joto la moto unaouhisi kwa mbali, kuliko kwa hewa. Jipsamu peke yake haizuii kitu.

Kwa hiyo hela ya kwanza iende juu. Chagua bati jeupe au la krimu: jeupe jipya hurudisha takribani asilimia 70 ya jua. Bati lisilopakwa rangi nalo hurudisha jua vizuri likiwa jipya, lakini joto lililokwisha kuingia hulitoa kwa shida, ndiyo maana huunguza mkono. Chini ya papi, zile mbao zinazoshikilia bati, weka karatasi ya foili, upande unaong'aa ukitazama chini, na chini yake uache nafasi ya hewa isiyopungua sentimita 2.5. Fundi akiziba nafasi hiyo, upande unaong'aa ukagusana na kitu kilicho chini yake, joto linapita moja kwa moja na umetupa pesa. Ukiigeuza ing'ae kwa juu, vumbi la Agosti litaifunika na haitasaidia tena. Juu ya dari laza pamba ya kioo ya sentimita 5 au zaidi. Pumba za mpunga ni rahisi, lakini ni karamu ya panya na kuni za moto.

Hewa ya darini nayo lazima itoke. Kipimo ninachotumia: eneo la matundu liwe sehemu moja ya 150 ya eneo la dari. Dari la mita za mraba 100 linahitaji karibu mita za mraba 0.67, nusu penuni na nusu karibu na kilele, yote na wavu wa kuzuia popo.

Hapa ndipo mtindo wa sasa wa paa la kuficha, lililozungushiwa ukuta ili lisionekane, unaponishinda. Unapendeza pichani, lakini ukuta ule wa juu unaondoa upenu na kuziba matundu kwa mpigo mmoja. Ukiutaka, basi toboa matundu ya wavu kwenye ukuta huo na umwage vibaraza vya zege vya kutia kivuli juu ya kila dirisha.

Upenu wa sentimita 60 upande wa kusini unatosha. Kaskazini weka 90: Juni saa sita na nusu unatoa kivuli cha mita 1.6 hivi. Magharibi ni habari nyingine. Oktoba saa kumi jioni jua liko nyuzi 35 tu juu ya upeo, na upenu ule ule wa 90 unafunika sentimita 63 za ukuta. Hakuna upenu wa kushindana na hilo. Laza nyumba ili pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Kama kiwanja hakiruhusu, peleka stoo, bafu na jiko magharibi, na panda mwarobaini mita 5 kutoka msingini. Pazia la ndani halifanyi kazi hiyo. Jua likishavuka kioo limeshaingia.

Kuta za matofali ya kuchoma yaliyolazwa inchi 9 huchelewesha joto karibu saa sita. Zifungwe kwa lenta ya mzunguko, yaani mkanda wa zege unaozunguka kuta zote. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma hufunguka nusu tu: la mita 1.5 kwa 1.5 linakupa mita za mraba 1.1, na wavu wa mbu unapunguza tena. Ya bawaba ni bora. Weka pia matundu juu ya milango ya ndani, yenye nondo, hewa ivuke vyumba mkiwa mmelala. Fungua kuanzia saa mbili usiku, funga saa mbili asubuhi.

Nyumba imeshajengwa na inachemka? Saa tisa alasiri panda ngazi, uguse dari. Likiwa la moto kuliko ukuta wa ndani, anza na foili. Kama dari limepoa lakini saa mbili usiku ukuta wa magharibi bado unatoa joto, foili haitakusaidia. Tafuta kivuli cha nje.