Harr hakatai nzi, anakataa mshipi

Msimu wangu wa kwanza kwenye mto Glomma, Norwei, nilibadilisha nzi (ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) mara tisa jioni moja, kwa ajili ya samaki mmoja, harr. Na alikuwa anakula! Kila baada ya nusu dakika pua ilitokeza, duara likatanda juu ya maji, kimya. Nzi wangu wa manyoya akipita, hakuna kitu. Nililala nikiamini kwamba nimekosa tu nzi wa kumi.

Kesho yake niliacha ufito wa kuvulia nyumbani, nikaenda kuegemea daraja moja karibu na Koppang. Glomma ndio mto mrefu kuliko yote Norwei, kilomita 600 na ushei, na huku bondeni Østerdalen maji yakishatulia wakati wa kiangazi unaweza kuhesabu kokoto. Harr alikuwa amelala chini kabisa, rangi ileile ya kokoto. (Kwa Kiswahili hatuna jina lake, natumia la wenyeji.) Kidudu kilipopita juu, alinyanyua kichwa, akauachia mkondo umrudishe nyuma huku akipanda, jicho halibanduki kwa kidudu, akakidokoa, akazama na kurudi palepale. Trauti, samaki mwingine wa maji baridi, akichachamaa kula husogea karibu na uso wa maji na kungojea hapo. Harr anasafiri kutoka chini kwa kila tonge, kwa hiyo njiani anapata muda wa kulikagua.

Nilitazama saa nzima. Kilichonifungua macho ni wale wadudu wenyewe, wale wenye mikia mirefu wanaoibuka mtoni na kufa baada ya siku moja au mbili. Walikuwa wanachukuliwa tu. Mkondo ukienda mbio, nao mbio. Ukizubaa, nao wanazubaa. Nzi wangu wa jana alikuwa akichora mfereji mwembamba nyuma yake, kama mashua iliyofungwa kamba.

Shida iko hapa: mto hauendi kwa mwendo mmoja. Katikati unakimbia, kando unasuasua. Ukitupa mshipi ukakatiza mikondo mitatu, ule wa katikati unaubeba tumbo lake, tumbo linavuta ule uzi mwembamba wa mwishoni, uzi unamburuta nzi. Kwa mbali huoni lolote. Harr yuko chini yake, anaona.

Kwa hiyo siku hizi nasimama juu kidogo ya samaki, kwa mshazari, natupa kuelekea chini ili nzi amfikie kabla ya mshipi. Mshipi ukiwa bado hewani natikisa ncha ya ufito kushoto kulia, unatua umejipinda kama nyoka. Mpaka mapindo hayo yanyooke, nzi yuko huru kwa mita mbili tatu, na hizo zinatosha. Uzi wa mwisho natumia wa milimita 0.12 au 0.14, mrefu kunipita mimi mwenyewe mara mbili. Harr si mwoga sana wa miguu ya mtu majini. Ukikosea, tulia, tupa tena.

Nzi gani? Nina visanduku vinne, lakini nusu ya msimu navua na Klinkhåmer. Mholanzi Hans van Klinken alimbuni mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwinda harr kwenye Glomma hiihii. Ndoana yake imepinda, kiwiliwili kinaning'inia chini ya uso wa maji na unyoya uliozungushwa bapa unakishikilia kisizame. Samaki anayekuja kutoka chini hukutana na tumbo kwanza. Siku ambazo hakuna anayepanda, nazamisha kidudu cha bandia chenye shanga nzito, basi.

Akidokoa, usivute kama unang'oa muhogo. Mdomo wake ni mdogo. Nyanyua ufito taratibu, kaza, kisha jiandae: lile pezi kubwa la mgongoni analitandaza kama tanga, anajiweka ubavu kwa mkondo, na samaki wa kilo moja anakuwa mzito kama wa mbili.

Navua kwa ndoana isiyo na chembe (kile kijimwiba kinachoizuia isichomoke), nalowesha mikono kabla ya kumgusa. Jina lake la kisayansi, Thymallus, linatokana na zaatari, kwa sababu wanasema ananukia hivyo. Pua yangu inasema tango.

Yule wa jioni ile nilimpata siku ya tatu, kwa nzi wa kwanza kabisa kati ya wale tisa. Sentimita 41. Nikampiga picha akiwa nusu majini, nikamwachia, nikaituma kwa mjomba wangu Kilwa, mvuvi wa mshipi tangu utotoni. Jibu lilikuja upesi: “Mjomba, huyo umemrudisha wa nini? Huko hamna mchele?”