Chora mkorosho wako: maswali na majibu kuhusu kuchora na simulizi ya maisha

Yaliyonipata yameshanipata. Penseli itabadilisha nini?

Yaliyotokea, hakuna. Paa lililong'olewa na Kimbunga Hidaya Mei 2024 liling'olewa, na talaka ni talaka. Kinachobadilika ni ukubwa wa nafasi ambayo tukio hilo limechukua unapojieleza. Mtu aliyeumia sana huanza kujitambulisha kwa jambo moja tu: mimi ni yule aliyeachwa, mimi ni yule mwenye deni la pembejeo. Watoto aliowalea, shamba alilolifufua, majirani aliowauguza, vyote vinakosa msimulizi. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand waliijenga tiba ya masimulizi juu ya wazo kwamba mtu ni mtu na tatizo ni tatizo, wawili hao wasichanganywe.

Naanzia wapi?

Anza na mti. Zoezi la mti wa maisha lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Zimbabwe, Ncazelo Ncube-Mlilo, pamoja na David Denborough, kwa ajili ya watoto wa kusini mwa Afrika ambao familia zao ziliguswa na UKIMWI. Kwa mtu wa Newala au Nachingwea, huko kusini mwa Tanzania kwenye korosho, sioni sababu ya kuchora mti mwingine zaidi ya mkorosho.

Mizizi ni ulikotoka: ukoo, kijiji, bibi aliyekulea, ngoma ulizozikuta. Ardhi ni shughuli zako za kila siku, zile unazozifanya kweli. Kwenye shina andika unachokiweza na unachokithamini. Watu wengi hukwama hapo kwa haya. Basi jiulize jirani yako angekutajia nini. Matawi ni matumaini yako, hata madogo ya msimu mmoja. Majani ni watu wako muhimu, na marehemu wana nafasi yao. Mabibo na korosho zake ni vitu ulivyopewa na wengine: fundi aliyekufundisha kushona, shangazi aliyelipa ada. Andika kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao ukipenda.

Dhoruba, upepo na ubwiriubwiri, ule ugonjwa wa mikorosho, huja mwisho, nje ya mti: hayo ndiyo matatizo yaliyokupata. Mpangilio huo ndio kiini cha zoezi, na ndio ambao watu huupuuza kwa haraka ya kufika kwenye kidonda. Anayeutazama mto Ruvuma akiwa ukingoni huona mamba walipo na kivuko kilipo. Aliye katikati ya maji huona maji tu. Mizizi, shina na majani ndiyo ukingo wako. Ukishasimama hapo, ndipo ueleze dhoruba ilikuwaje, na uandike ulifanya nini ilipopiga: ulimkimbilia nani, ulikiokoa nini kwanza.

Sijui kuchora kabisa.

Haidhuru. Mwaka 2016 mtafiti Girija Kaimal na wenzake nchini Marekani waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika. Takriban robo tatu yao walishuka kiwango cha kortisoli, homoni ya msongo, na uzoefu wa sanaa haukuleta tofauti. Ni utafiti mdogo na haukupima tiba ya sonona, kwa hiyo usitupe dawa ulizoandikiwa. Kaa la jikoni na kipande cha boksi vinatosha.

Mimi ni Mwislamu, nachelea kuchora viumbe.

Mti hauna roho. Ibn Abbas, swahaba wa Mtume, anapokewa akimwelekeza mchoraji achore miti na visivyo na roho. Watu wako waandike kwa majina kwenye majani, usichore sura.

Jinamizi lilelile linanirudia. Kuchora kutasaidia?

Hapa ubunifu una kazi ya moja kwa moja. Mchana, ukiwa macho, ichore ndoto hiyo, kisha ubadilishe kipande chochote: mlango ufunguke, maji yakauke, kaka yako atokee. Ipitie ndoto mpya akilini kila siku kwa dakika 10 hadi 20. Usianze na ndoto kali kuliko zote. Wataalamu wa usingizi huipendekeza njia hii kwa majinamizi yanayojirudia.

Nani asifanye peke yake?

Anayewaza kujiua, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, aliyebakwa au kupigwa karibuni, na yeyote ambaye akichora tukio anahisi kama linatokea tena. Ukifika hapo, weka penseli chini, gusa ukuta, taja vitu unavyoviona chumbani, kisha mtafute mtu. Ulizia huduma ya afya ya akili kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Mtoto anayefanyiwa ukatili ana namba ya bure, 116.

Mume wangu alicheka alipouona mti wangu. Nimwonyeshe nani?

Pole dada. Mtafute anayejua kuuliza, hata kama ni mwenzako mmoja wa vikoba: "Huyu kwenye jani ni nani? Alikufanyia nini?" Asisifie uchoraji, asitoe ushauri. Mkiwa kadhaa, bandikeni miti yenu ukutani kwa pamoja na kila mmoja aandike neno kwenye mti wa mwenzake. Asiyetaka kuonyesha akunje karatasi yake aondoke nayo.