Terpsichore: alichezesha ngoma, au alipiga kinubi?

Akitajwa Terpsichore, Muza (mungu wa kike wa sanaa) wa ngoma wa Wagiriki wa kale, wengi humwona msichana aliyeinua mguu mmoja, kitambaa kikipepea. Ametajwa vibaya mara nyingi mno, na jina lake zuri limeumia zaidi.

Dhana: Tangu mwanzo alikabidhiwa ngoma, na dada zake wanane wakapewa sanaa nyingine.

Ukweli: Mshairi Hesiod, yapata mwaka 700 KK, anawataja kwa majina Muza wote tisa, mabinti wa Zeus, mkuu wa miungu, na Mnemosyne, mungu wa kike wa kumbukumbu, ila hamgawii yeyote kazi. Kwake wote tisa hucheza pamoja mlimani Helicon, wakizunguka chemchemi na madhabahu. Mgawanyo ulijengeka polepole. Katika karne ya 4 KK, mwanafalsafa Plato tayari anamhusisha Terpsichore na wacheza ngoma. Orodha tulizozizoea, zinazompa dada yake Clio historia au Urania nyota, zilikuja kutulia zama za Warumi.

Dhana: Sanamu zake humwonyesha akicheza.

Ukweli: Mara nyingi ameketi, kinubi mkononi. Yeye ndiye mpigaji. Wanaocheza ni wengine.

Dhana: Jina lake maana yake ni "dansi".

Ukweli: Ni maneno mawili. Terpein ni kufurahisha, na khoros ndilo linalopotoshwa na tafsiri za haraka. Khoros lilikuwa kundi la watu wanaoimba na kucheza kwa pamoja, na vilevile uwanja wenyewe wa kuchezea. Neno "dansi" ni jembamba mno kubeba hayo yote, ilhali sisi tunalo "ngoma". Mtu akikuambia kijijini kuna ngoma leo, humuulizi kama ni wimbo, mdundo au miguu. Ndiyo maana napenda kumwita Mfurahia-ngoma.

Dhana: Neno hilo la Kigiriki halijafika kwetu.

Ukweli: Limefika, na tunalitamka kila Jumapili. Khoros liliingia Kilatini likawa chorus, Waingereza wakapata choir, nasi tukapata kwaya. Wapo wanaokemea kwaya inayocheza huku ikiimba, wakidai kwaya ni ya kuimba tu. Wagiriki waliolianzisha neno hilo wasingeielewa kwaya iliyosimama tuli.